Watano wa Mferejini

Chai hainipiti kooni mpaka leo. Watu wakinikaribisha nasema nimefunga, hata kama Ramadhani bado iko mbali, na anayetaka kunicheka anicheke. Heri nionekane mnafiki wa dini kuliko kueleza kilichonitia kinyaa, maana nikianza kueleza simalizi bila kutukana. Lakini leo nitaeleza. Nikitukana mtanivumilia.

Naitwa Sefu. Nilizaliwa Pangani, nikasomeshwa na Wadachi, nikaletwa huku Arusha kuwa karani wa boma. Nilikaa pembeni ya Bwana Shauri, yule Mdachi aliyehukumu mashauri ya watu, nikawa naandika anachosema: fulani, uvivu, hamsa ishirini; fulani, ujeuri, hamsa ishirini. Viboko ishirini na tano kila siku aliyoijalia Mungu, nami nachovya kalamu kwenye wino kana kwamba naandika orodha ya vyombo vya jikoni. Baada ya miezi minane nilishindwa. Nikaacha kazi, nikapanga chumba katika mji wa Waswahili pale chini ya boma, nikawa nawaandikia watu barua zao, na nikaanza kuandikia gazeti.

Gazeti liliitwa Tarishi. Lilichapwa pwani mara moja kwa mwezi, na mhariri wake alikuwa Mzungu wa dini, mtu wa miwani na barua ndefu. Waandishi wenzangu wa bara walimpelekea habari za simba, habari za mvua, na habari kwamba Bwana Mkubwa amepita na bibi yake na sisi sote tumefurahi sana. Ptuu! Furaha gani hiyo? Mimi nilimwandikia habari za wafungwa wa mnyororo, habari za wazee waliobebeshwa mizigo ya askari, habari za nyumba zilizochomwa. Nusu ya barua zangu alizitupa. Nusu nyingine alizikata meno kwanza ndipo akazichapa. Hata hizo zisizo na meno zilitosha kunivimbisha kichwa. Nikipita sokoni nilitembea kifua mbele, mtetezi wa wanyonge mimi, na wanyonge wenyewe sikujua hata wanavyoamkiana asubuhi.

Basi asubuhi moja akaja Namnyaki. Alikuwa mwanamke wa Kiarusha, wa miaka thelathini hivi, aliyezoea kuuza maziwa mjini, na Kiswahili chake alikiokota hapo hapo sokoni. Aliweka kibuyu chake chini, akanitazama usoni bila kupepesa.

"Mwalimu, karatasi yako inafika mbali?"

"Inafika mpaka Ulaya," nikasema. Uongo mtupu, lakini ulinikaa vizuri mdomoni.

"Basi nataka ifike."

Akanieleza. Mumewe na wenzake wanne walichukuliwa kwenda kuchimba mfereji katika shamba la Mzungu mmoja wa kahawa, upande wa chini ya Akheri. Ilikuwa masika, udongo umelowa, ukingo ukaanguka. Hawakurudi. Mzungu wa shamba akapeleka habari bomani kwamba watu watano wametoroka kazi. Na sheria ya boma ilikuwa hivi: mtu akitoroka, anakamatwa ndugu yake badala yake. Kwa hiyo shemeji yake Namnyaki alivutwa kutoka nyumbani, akatiwa mnyororo shingoni pamoja na ndugu wa wale wanne, wakapelekwa kuchimba mfereji ule ule.

"Vuli inakuja," Namnyaki akasema. "Ule ukingo utaanguka tena. Nimeshafiwa na mume, sitaki nifiwe na shemeji. Andika kwamba hakuna aliyetoroka. Mtu akifa, ndugu yake hakamatwi. Hata Mdachi anasema hivyo."

"Una hakika mumeo amekufa, mama?"

"Mwalimu, angekuwa hai angekuja kunywa maziwa kwangu."

Nikaenda mwenyewe shambani. Nilijifanya natafuta kazi ya ukarani, na bahati nikamkuta mnyapara ni mtu wa kwetu, Abdulrahim, tuliyecheza naye utotoni Pangani. Lo, alivyofurahi! Akanishika mkono, akaniketisha barazani kwake, akampigia kelele mkewe alete chai kwa ndugu yake. Alikuwa amenenepa, kanzu nyeupe pe, na kiboko kimeegemezwa ukutani kama fimbo ya babu yake. Nikanywa kikombe cha kwanza. Nikanywa na cha pili.

"Nasikia mlitorokwa na watu," nikasema kama mtu anayepiga soga tu.

Akacheka mpaka tumbo likamtikisika. "Watoroke waende wapi, bwana wee? Wako pale pale. Udongo uliwashukia wote watano kwa mpigo. Nikamwambia Bwana tuwafukue. Bwana akasema kufukua ni kazi ya siku tatu, na miche yake inakauka. Basi kesho yake tukafungulia maji, yakapita juu."

"Yakapita juu ya watu?"

"Sasa yapite wapi? Mfereji ni ule mmoja." Akaninyooshea birika. "Ongeza chai, Sefu. Maji ya huku matamu, si kama yale ya chumvi ya kwetu."

Nilitazama kikombe changu. Nilitazama ule mfereji uliopita nyuma ya nyumba yake, mkewe ameinama anachota. Nilisimama, nikazunguka ukuta, nikatapika kwenye miche ya kahawa mpaka machozi yakanitoka. Abdulrahim akanifuata, ananipigapiga mgongoni, ananiambia pole, baridi ya mlima hainifai. Mtu hana haya wala hajui vibaya! Sala tano hazimpiti, na maji anayotawadhia ni hayo hayo. Mungu anisamehe, lakini tangu siku ile nikisikia mtu wa pwani anamwita mtu wa bara mshenzi, mkono unaniwasha.

Niliandika barua ya kurasa nne, pande zote za karatasi mbili. Matarishi wakaichukua kwa miguu mpaka kwenye reli. Baada ya wiki tano jibu la Bwana Mhariri likaja, limekunjwa vizuri: habari yangu ni nzito, lakini habari isiyo na majina ni maneno ya barazani. Nilete majina ya waliokufa, naye atachapa.

Nikaona jambo dogo. Nikapanda na Namnyaki mpaka kwao, kwa baba mkwe wake. Mzee alikuwa ameketi nje ya nyumba anavuta ugoro, na watu wa zile nyumba nyingine nne walikuwa wamekusanyika. Nikamwamkia shikamoo, nikakaa kwenye kigoda, karatasi juu ya goti.

"Mwambie mzee nataka majina ya waliokufa mferejini."

Namnyaki alikawia kutafsiri. Aliposema, watu wote wakatazamana. Mzee akapiga chafya, akanong'ona na wenzake, wakabishana kidogo kwa sauti ya chini. Mimi nikaanza kuona wananipotezea muda. Huku jua linazidi kuwaka, huku mvua iko karibu, na wao wananong'ona! Nikasema, kwa ukali kidogo, kwamba nisipopewa majina sitaandika kitu na shemeji mtu atafia kule.

Mzee akanitazama. "Andika Lemburis," akasema.

Kisha mtu wa nyumba ya pili akataja jina la kwao, na wa tatu, mpaka yakatimia matano. Nikamgeukia Namnyaki. "Hili la kwanza, Lemburis, ndilo la kwenu?"

"Ndiyo, mwalimu. Huyo ni wa nyumbani kwetu."

Nikaandika. Na sasa nisikilizeni upumbavu wangu ulivyokuwa mkubwa. Yule aliyefungwa mnyororo, tuliyehangaika wote kumtoa, sikuwahi kuuliza anaitwa nani. Kwangu alikuwa shemeji yake Namnyaki, basi. Mwandishi wa gazeti mimi!

Tarishi lilitoka na habari yangu ukurasa wa pili, majina matano yamepangwa moja chini ya jingine. Nililisoma kwa sauti sokoni. Siku ya tatu askari wawili wakaja kunichukua.

Ilikuwa siku ya shauri, uwanja wa boma umejaa. Bwana Shauri alikaa nyuma ya meza yake na daftari kubwa, na yule Mzungu wa shamba amekaa kando yake kwenye kiti cha kukunja, mguu juu ya mguu, anajipepea na kofia. Abdulrahim alisimama nyuma yao na kanzu yake nyeupe. Wazee wa Kiarusha walikaa chini upande wa kushoto, na wanawake nyuma yao. Namnyaki alikuwa mbele kabisa ya wanawake.

Bwana Shauri akaliinua gazeti kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika panya aliyekufa.

"Wewe umeandika watu hawa wamekufa?"

"Nimeandika, bwana."

"Vizuri. Tuwaite basi. Labda watasikia." Akasogeza gazeti karibu na macho. "Lemburis!"

Mlango wa lupango, jela ya boma, ukafunguliwa. Wakatoka watu watano kwenye mnyororo mmoja, shingo kwa shingo, magoti yamepakaa udongo mwekundu. Wa kwanza, kijana mrefu mwenye kidonda chini ya pete ya chuma, akainua kichwa.

"Mimi," akasema.

Bwana Shauri akaita jina la pili. "Mimi," akasema anayefuata. La tatu, mimi. La nne, mimi. Alipofika la tano Mzungu wa shamba alikuwa anacheka waziwazi, na askari nao, na Abdulrahim anafuta machozi kwa ncha ya kanzu. Uwanja mzima ulicheka, isipokuwa wazee wa Kiarusha. Majina yangu matano yalikuwa yamesimama mbele yangu, hai, yananuka jasho.

Niliwageukia wazee kwa hasira. "Mzee! Si wewe uliyenipa majina haya?"

Baba mkwe wake Namnyaki hakuona aibu hata kidogo. Alinijibu polepole, na askari mmoja akatafsiri. "Ulitaka nikupe yapi? Aliyeondoka haitwi. Ukimwita unamvuta nyumbani, na akiondoka tena haondoki peke yake. Tunamtaja ndugu yake aliye hai, na kila mtu anajua unamsema nani. Nilidhani na wewe unajua. Umekaa kwetu mwaka mzima."

Mwaka na nusu, kusema kweli. Mwaka na nusu nakunywa maziwa yao, naandika mateso yao kwa hati nzuri, na jambo ambalo mtoto yeyote wa Kiarusha analijua mimi sikuliuliza. Nilijichukia pale uwanjani kuliko nilivyomchukia Mdachi. Halafu nikamtazama Mdachi, nikaona kitu kikanizidishia kinyaa. Hakushangaa. Miaka sita alikuwa anasikiliza mashauri ya watu hawa. Alipoliona gazeti tu alijua majina yale ni ya nani, na alijua kwa nini. Alikuwa ameyapanga maonyesho haya kwa raha zake, kama mtu anayepanga karamu.

"Basi mimi ninauliza," akasema Bwana Shauri, sasa anaongea na wazee. "Kama hawa si waliokufa, ni nani? Mnitajie. Nitafungua daftari, nitafuta neno mtoro, nitaandika amekufa, na ndugu yake atafunguliwa sasa hivi." Akafungua daftari, akaishika kalamu. Alikuwa anatabasamu. "Nani? Nangoja."

Wazee walitazama chini. Mzungu wa shamba akaitoa saa yake mfukoni. Nilitaka kupiga kelele, lakini nipige kelele niseme nini? Mimi sikuwa na jina hata moja.

Namnyaki alikuwa anamtazama shemeji yake. Alikuwa anakitazama kile kidonda, inzi wametua, na Lemburis hawezi kuwafukuza kwa sababu mikono nayo imefungwa. Juu ya mlima wingu lilikuwa limeshuka tangu alfajiri. Namnyaki akasimama.

"Keti," akasema baba mkwe wake. Hilo nililielewa bila tafsiri.

Hakuketi. Alisogea mpaka mbele ya meza, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Lerionka," akasema. "Mume wangu. Lerionka. Yuko chini ya maji ya huyo."

Sijapata kuona kitu kama kile. Wazee waliinuka wote kwa mara moja kana kwamba ardhi imewaka moto. Mmoja alijifunika uso kwa shuka. Wanawake walirudi nyuma, wakamwachia Namnyaki uwanja mtupu, na mmoja akaanza kulia kwa sauti. Lemburis mwenyewe alifumba macho. Hata yule askari mtafsiri, ambaye mama yake alikuwa wa huku, aliziba mdomo.

Ushahidi gani tena zaidi ya ule? Jina la mume aliye hai lisingemtisha mtu hivyo, na hakuna aliyekuwa pale asiyejua. Bwana Shauri alijua kuliko wote. Tabasamu likamtoka. Akalitafuta jina daftarini, akapiga mstari, akaandika neno moja. "Mfungueni huyo wa kwanza," akasema.

Wakamfungua Lemburis. Alisimama anashika shingo yake kama haamini ni yake.

Hapo ndipo mwanamke mwingine, Simaloi, mama wa mmoja wa wale wanne wengine waliofukiwa, akainuka kule nyuma. Alikuwa mzee, anatembelea fimbo. Akaja hatua tatu, nne, akiwa amefumba mdomo kwa kiganja, na nikaona anajitahidi kukiondoa kile kiganja. Bwana Shauri alimwona. Wallahi alimwona vizuri kabisa. Akalifunga daftari.

"Saa ya chakula," akasema. "Shauri limekwisha."

"Bwana, kuna mwingine!" nikapayuka.

"Mmoja amekufa. Wanne watoro. Na wewe, kwa kutangaza uongo katika gazeti, hamsa ishirini."

Nililazwa pale pale uwanjani. Wao wakakaa kivulini barazani, Bwana Shauri na mgeni wake wa shamba, wakaletewa kuku wa kuchoma, nami nahesabiwa. Mzungu wa shamba alikuwa anatafuna huku ananitazama, na mafuta yanamchuruzika kwenye kidevu. Kuhusu maumivu sina la kusema, kila mtu wa nchi hii anayajua. Kile kidevu ndicho kinachonirudia.

Lemburis alirudi nyumbani kwao. Namnyaki hakurudi. Alifika mlangoni akakuta miiba imewekwa, na baba mkwe wake anamwambia kutoka ndani kwamba aliyemwita mtu aliyeondoka akakae naye. Akaja mjini, akapanga chumba nyuma ya changu. Lemburis hakuthubutu kuzungumza naye mbele ya watu, lakini kila siku ya soko mkewe alipita na kibuyu cha maziwa, akakiacha mlangoni, akaenda zake bila kugeuka. Nilimwomba Namnyaki msamaha mara nyingi mno, mpaka akachoka. "Mwalimu, niache," akasema. "Hukunifungua mdomo wewe."

Vuli ikaja. Siku ya tisa ya mvua ukingo ukaanguka tena, kama alivyosema. Wawili kati ya wale wanne waliobaki kwenye mnyororo walikuwa chini yake, mmoja akiwa mtoto wa Simaloi, wa pili kumpoteza. Bomani wakaandikwa watoro.

Niliandika yote. Niliandika kosa langu wazi, nikaeleza desturi ya watu, nikaandika jina la Lerionka, na jinsi Bwana Shauri alivyofunga daftari. Nikangoja. Baada ya miezi miwili Tarishi likaletwa na mpagazi, na Namnyaki akamwona akinipa. Akaja, mikono ina mapovu ya kufulia, akasimama mlangoni pangu.

"Limekuja? Nisomee."

Nililifungua. Ukurasa wa mwisho, chini ya habari ya simba aliyeuawa na mwalimu mmoja wa shule, palikuwa na mistari minne. Nilitamani kudanganya. Ingekuwa kazi rahisi, maana yeye hajui kusoma. Lakini nilishawadanganya watu hawa vya kutosha kwa kutojua, sasa niwadanganye kwa kujua? Nikasoma kama ilivyoandikwa.

"Masahihisho. Katika habari za Arusha tulitaja watu watano waliokufa. Tumearifiwa na boma kwamba watu hao watano wote wako hai na wazima wa afya. Tunamshukuru Mungu, na tunaomba radhi."

Wakati maneno yale yanachapwa, wawili kati ya hao wazima wa afya walikuwa wamekwisha oza mferejini, na Bwana Mhariri na miwani yake anamshukuru Mungu.

"Na Lerionka?" akaniuliza. Alilisema jina taratibu, jirani aliyekuwa anapita akaharakisha hatua. "Wamesema nini juu ya Lerionka?"

Nililipitisha jicho gazeti lote tena, ukurasa kwa ukurasa, naye ananingoja pale mlangoni.

"Hayumo," nikasema.